Nafsi ya Mnyama na Tumaini la Ufufuo

Mkristo wa kawaida wa Afrika Mashariki akiulizwa kama mbuzi wake ana nafsi, hujibu bila kusita kwamba hana: nafsi ni ya mtu, mnyama akifa ndiyo mwisho wake. Jibu hilo limezoeleka mno katika mafundisho ya kipaimara na mahubiri ya Jumapili, hata wengi huamini kwamba limeandikwa katika Biblia. Ukilitafuta humo hulioni. Lilijengwa polepole, karne baada ya karne, na watu wenye akili kubwa waliosoma Maandiko huku wakimsoma mwanafalsafa Aristotle, na baadaye likakazwa na falsafa ya Ulaya ya karne ya 17, ambayo Kanisa lenyewe halikuwahi kuifanya fundisho lake. Ninachotetea katika sura hii ni jambo moja. Mapokeo makuu ya Ukristo hayakukana kwamba mnyama ana nafsi. Kilichobishaniwa ni kama nafsi hiyo hubaki baada ya mwili kufa. Na kwa imani ambayo tumaini lake ni ufufuo, ubishi huo haumalizwi kwa kuchunguza nafsi imeumbwaje. Lazima tuulize Mungu amekusudia nini juu ya vyote alivyoviumba.

Tuanze na kitabu cha Mwanzo. Katika 2:7 Adamu, akiisha kupuliziwa pumzi, anakuwa kile ambacho Kiebrania kinakiita nefesh haya, na Biblia ya Kiswahili ya Union inaandika "nafsi hai". Lakini viumbe wa majini wa 1:20, wanyama wa nchi kavu wa 1:24, na wale walioletwa mbele ya Adamu awape majina katika 2:19, wote wanaitwa kwa maneno hayo hayo mawili, ilhali msomaji wa Kiswahili anakutana na "uhai" au "kiumbe hai". Wafasiri hawakukusudia kumpotosha mtu. Walichagua kinachosomeka vizuri, kama wenzao wa Kiingereza walivyofanya kabla yao. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba msomaji anauona mpaka mahali ambapo mwandishi hakuuweka. Aliuweka kwingine: ni mtu peke yake anayesemwa kuumbwa kwa mfano wa Mungu, na hilo ni jambo zito nitakalolirudia. Walawi 17 inakataza kula damu kwa sababu nefesh ya kila chenye mwili imo damuni. Baada ya gharika, agano la Mwanzo 9 halifungwi na Nuhu na wanawe tu. Sura hiyo inarudia tena na tena kwamba ni agano na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Zaburi ya 104 inawaona viumbe wote wakingoja chakula mkononi mwa Mungu, wakifa anapoiondoa pumzi yao, wakiumbwa anapoituma roho yake. Naye Mhubiri, katika sura ya 3, anasema mtu na mnyama wana pumzi moja na wote hurudi mavumbini, kisha anauliza ni nani ajuaye roho ya huyu na ya yule zinaelekea wapi. Swali hilo ameliacha wazi.

Kisa kinachostahili kusomwa taratibu kuliko vyote katika habari hii ni kile cha Hesabu 22. Balaamu amempanda punda wake, anakwenda kwa mfalme Balaki wa Moabu. Malaika mwenye upanga amesimama njiani. Nabii hamwoni, punda anamwona. Mara ya kwanza punda anachepuka kuingia shambani, anapigwa. Mara ya pili, katika kinjia kati ya kuta mbili za mizabibu, anajibanza ukutani na kuubana mguu wa bwana wake, anapigwa tena. Mara ya tatu hapana pa kupenya, anajilaza chini, na Balaamu anamshukia kwa fimbo. Hapo punda anafunguliwa kinywa na kuuliza amefanya kosa gani, na kama katika miaka yote aliyompanda amewahi kumtendea hivyo. Balaamu anakiri kwamba hajawahi. Watu wengi hukomea kwenye muujiza wa punda kusema, na kwa kukomea hapo wanaikosa sentensi ngumu inayofuata. Malaika anapojionyesha, neno lake la kwanza kwa Balaamu ni kumuuliza kwa nini amempiga punda wake mara tatu. Kisha anamwambia kwamba kama punda asingeepa, yeye Balaamu angeuawa na punda angeachwa hai. Balaamu anajibu kwa kukiri dhambi. Mjumbe wa Mungu, aliyetumwa kwa jambo kubwa la mataifa, anaanza na fimbo tatu alizopigwa mnyama. Vivyo hivyo kitabu cha Yona kinafungwa na Mungu akiuliza kama asiuhurumie mji wa Ninawi wenye watu zaidi ya 120,000, na neno la mwisho kabisa la swali hilo linawataja mifugo wao.

Basi ule uhakika kwamba mnyama akifa amekwisha ulitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwenye vita vya kanisa la kwanza dhidi ya mafundisho mengine. Basili wa Kaisaria, akihubiri juu ya siku sita za uumbaji katika karne ya 4, aliwaonya waumini wasidhani kwamba nafsi ya mnyama ilikuwapo kabla ya mwili wake wala kwamba inabaki mwili ukiharibika, kwa kuwa mbele yake walikuwapo wanafalsafa waliofundisha kwamba nafsi huhama kutoka mwili hadi mwili. Augustino aliwajibu wafuasi wa Mani, ambao waliona kuua mnyama au hata kung'oa mmea ni uovu, kwa kusema amri ya kutoua haiwahusu viumbe wasio na akili ya kushirikiana nasi. Lakini huyo huyo Augustino, katika Maungamo yake, anakubali kwamba wanyama na ndege wana kumbukumbu, la sivyo wasingeweza kurudi kwenye matundu na viota vyao. Hakuna hata mmoja wa hawa wawili aliyesema mnyama ni kitu kitupu kisicho na nafsi.

Aliyeipa hoja hiyo umbo lake kamili ni Thomas wa Akwino katika karne ya 13, na ni haki kuieleza hoja yake katika nguvu zake zote kabla ya kuipinga. Kwa kumfuata Aristotle, Thomas anafundisha kwamba kila kilicho hai kina nafsi, maana nafsi ndiyo inayoufanya mwili uwe hai. Mmea una nafsi ya kujilisha, kukua na kuzaa. Nafsi ya mnyama inaongeza uwezo wa hisi na mwendo. Nafsi ya mtu inaongeza akili. Wala Thomas hakuwadharau wanyama: alisema kondoo humkimbia mbwa mwitu kwa sababu anamtambua kuwa adui, jambo ambalo macho peke yake hayawezi kumwambia, kwa hiyo ana uwezo wa ndani wa kupima lenye faida na lenye madhara. Hatua ya uamuzi inafuata hapo. Kila tendo la mnyama, anasema Thomas, linategemea kiungo cha mwili: kuona kunahitaji jicho, kusikia sikio. Akili ya mtu peke yake inatenda kazi isiyo na kiungo, yaani kufahamu mambo ya jumla yasiyoshikika. Kinachoweza kutenda bila mwili kinaweza kuwapo bila mwili; kisichoweza, hufa nao. Kwa hiyo nafsi ya mtu hubaki, ya mnyama hutoweka. Maneno ya Mhubiri yalipoletwa dhidi yake, alijibu kwamba pale Sulemani alikuwa akisema kwa kinywa cha wapumbavu.

Hoja hii ni nzuri, na sehemu yake kubwa naikubali. Inaonyesha tofauti ya kweli kati ya mtu na mnyama. Udhaifu wake uko kwenye kile inachodaiwa kuthibitisha. Thomas mwenyewe, alipoifafanua 1 Wakorintho 15, alisema nafsi yake siyo yeye; nafsi ikiokoka peke yake bila mwili, mtu mzima hajaokoka. Ndiyo sababu Kanisa halikuridhika kufundisha nafsi isiyokufa, kama wanafalsafa wengi wa Wayunani, bali liliungama ufufuo wa wafu. Mtu hafufuki kwa sababu ndani yake kuna kipande kisichoweza kuharibika. Anafufuka kwa sababu Mungu anamfufua. Hili likikubaliwa, basi kuthibitisha kwamba nafsi ya mnyama haiwezi kujisimamia baada ya kifo ni kuthibitisha tu kwamba mnyama hana haki ya asili ya kuishi tena. Ni mwanadamu gani mwenye haki hiyo? Yule aliyeufanya ulimwengu pasipo kitu hazuiwi na nafsi iliyotoweka. Juu ya kile ambacho Mungu ameamua kuwafanyia wanyama, hoja ya kifalsafa haina la kutuambia.

Mvunjiko wa kweli ulikuja na mwanafalsafa Descartes. Mwaka 1637, katika kitabu chake juu ya mbinu ya kutafuta ukweli, alieleza kwamba mnyama anaweza kueleweka kama mashine, mwendo wake wote ukitoka kwenye mpangilio wa viungo, bila nafsi yoyote inayofikiri. Malebranche, padri aliyemfuata, alipeleka jambo hilo mbali zaidi kwa hoja ya kidini: Mungu mwenye haki hawezi kuruhusu asiyetenda dhambi ateseke, wanyama hawakutenda dhambi, basi wanyama hawateseki, ingawa wanaonekana kuteseka. Hapa ndipo fundisho linapompa mtu ruhusa ya kuziba masikio. Thomas asingekubali, kwa kuwa kwake mnyama anahisi kweli. Wala mchungaji wa mifugo yeyote asingekubali, awe Mmasai au Msukuma, na ushahidi wake una uzito kuliko mfumo uliotungwa mezani. Mwaka 1960, huko Gombe kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe akichagua unyasi na kuuchomeka kwenye kichuguu ili avue mchwa, na alishuhudia sokwe wakipukuchua majani ya kijiti kabla ya kukitumia. Sidai kwamba hilo linambomoa Thomas, maana kutengeneza kijiti siyo kufahamu maana ya haki au ya milele. Lakini linambomoa Descartes.

Aliyeiona njia nyingine kwa uwazi kuliko wote ni John Wesley, mwanzilishi wa Wamethodisti. Katika hubiri lake la mwaka 1781 juu ya ukombozi wa jumla, lililojengwa juu ya Warumi 8:19-22, alianza na swali linalowasumbua watu wanyofu: ikiwa Mungu huwahurumia viumbe wake wote, mbona wanyama wanateseka hivi, nao hawakukosa? Hakujibu kwa kuyakana mateso yao. Alisema mtu aliwekwa awe mfereji ambao baraka za Mungu zilipitia kuwafikia wanyama, na alipoanguka mfereji ule ulikatika, nao wakaanguka pamoja naye bila kosa lao. Kisha akachukua maneno ya Paulo kwamba viumbe vyote vinaugua na vitawekwa huru kutoka utumwa wa uharibifu, akakataa kuyapunguza. Wanyama, aliamini, watarudishiwa walichopoteza, na huenda wakapewa zaidi ya hapo. Jambo ninaloliona kuwa kubwa zaidi katika hubiri hilo ni jinsi alivyoutafuta mpaka kati yetu na wao. Hakuuweka kwenye akili, kwa kuwa aliona wanyama nao wana kiasi fulani cha ufahamu. Aliuweka kwenye uwezo wa kumjua Mungu, kumpenda na kumtii. Hapo hadhi ya mtu haipungui hata kidogo, na bado mnyama hahitaji kugeuzwa mashine ili hadhi hiyo isimame.

Wesley hakuwa peke yake. Isaka wa Ninawi, mtawa wa karne ya 7 aliyezaliwa Beth Qatraye, pwani ya Ghuba ambako leo kuna Qatar, aliandika kwamba moyo wenye rehema huwaka kwa ajili ya uumbaji wote, watu, ndege na wanyama, hata ukatokwa machozi kwa kuona kiumbe chochote kikiumizwa. Mwanamageuzi Calvin, katika ufafanuzi wake wa Warumi, alikubali kwamba uumbaji utarejeshwa, lakini akaonya watu wasijishughulishe kupita kiasi na kuuliza kama kila mnyama atakuwa wa milele. Askofu Joseph Butler mwaka 1736 alikubali kwamba hoja za akili za kutetea kutokufa kwa mtu zinaweza kuwahusu wanyama pia, na hakuliona hilo kuwa kikwazo. Katika zama zetu Papa Fransisko aliandika katika Laudato Si' ya mwaka 2015 kwamba viumbe vyote, vikiisha kung'arishwa, vitakuwa na nafasi yao katika uzima wa milele. Habari zilizosambaa Desemba 2014 kwamba alimwambia mtoto mbwa wake atakwenda mbinguni hazikuwa za kweli. Maneno yale hakuyasema, na anayetetea jambo hili asiyatumie.

Pingamizi la kwanza, na la heshima zaidi, ni kwamba fundisho hili linamshusha mtu. Naona ni kinyume. Kuumbwa kwa mfano wa Mungu, katika Mwanzo 1, kunakwenda sambamba na kupewa utawala juu ya viumbe, na mtawala hapati heshima kwa raia wake kuwa si kitu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inashika pande zote mbili: inasema watu wanawiwa kuwatendea wanyama wema, tena inasema ni aibu kuwatumia fedha ambazo zingepunguza shida za wanadamu. Mkristo anayemlaza mbwa kwenye godoro huku jirani yake akilala njaa amepotoka. Upotofu huo, hata hivyo, hauponywi kwa kumfanya mbwa kuwa jiwe.

Wapo wanaouliza: kama mnyama ana nafsi mbele ya Mungu, mbona Mungu aliamuru atolewe sadaka, na mbona tunamla? Nuhu aliruhusiwa nyama baada ya gharika, lakini ruhusa hiyo ilikuja pamoja na sharti la damu, yaani kukiri kila unapochinja kwamba uhai unaouchukua una mwenyewe. Sadaka nayo ilikuwa na maana kwa sababu kilichomwagwa kilikuwa uhai. Kama mnyama angekuwa kitu kitupu, madhabahu ingekuwa ni jiko tu. Wengine huleta 1 Wakorintho 9:9, pale Paulo anapoitaja sheria ya kutomfunga kinywa ng'ombe apurapo nafaka na kuuliza kama ni ng'ombe Mungu anaowajali. Paulo anatetea haki ya mtumishi kula kwa kazi yake, na hoja yake inapanda kutoka dogo kwenda kubwa. Ikiwa ng'ombe hahusiki kabisa, hakuna dogo la kuanzia. Yesu mwenyewe alisema shomoro wanaouzwa kwa bei ya chini kabisa sokoni hawasahauliwi hata mmoja mbele za Mungu, kisha akasema sisi ni bora kuliko shomoro wengi. Anayeyachukua maneno ya pili na kuyaacha ya kwanza amemsikia nusu. Ama 2 Petro 2:12 na Yuda, zinazowafananisha walimu wa uongo na wanyama waliozaliwa kukamatwa na kuharibiwa, zinasema habari za watu wale; hazikuandikwa kufundisha mwisho wa wanyama.

Lipo pingamizi ambalo vitabu vya Ulaya havilizungumzii sana, nalo kwetu ni zito. Wachungaji wengi wa Afrika wanaogopa kwamba kumpa mnyama nafsi ni kufungua mlango wa mizimu na mapepo, fisi wa wachawi na nyoka wa mababu. Hofu hiyo ina historia na siidharau. Lakini imani hizo zinasema kwamba ndani ya mnyama kuna roho ya mwingine: mchawi, mzimu, pepo. Biblia inasema mnyama ana pumzi yake mwenyewe, aliyopewa na Mungu. Ukimfundisha muumini kwamba fisi ni fisi, aliyeumbwa kwa jinsi yake na kulishwa na Mungu kama Zaburi inavyosema juu ya wana-simba, umempa sababu nzuri ya kutomwogopa kama chombo cha mchawi. Ukimfundisha kwamba fisi ni ganda tupu, umeacha nafasi ambayo mwingine ataijaza.

Na mbu je, na nzige, na kupe? Watafufuka wote? Wesley alijiuliza viumbe hao watakuwa na kazi gani, akarudisha swali: wana kazi gani sasa? Mimi nafuata onyo la Calvin. Ahadi ya Warumi 8 ni ya uumbaji wote, na haikuletwa pamoja na orodha. Mwandishi C. S. Lewis, mwaka 1940, alijaribu kuchora mstari: huenda mnyama wa kufugwa akaupata uzima ndani ya uhusiano wake na bwana wake. Ni wazo zuri, ila linamwacha nje paa wa Serengeti ambaye hakuwahi kujulikana na mtu, naye Mungu wa Ayubu 39 anajisifu kwamba anajua ni lini paa huzaa bila mwanadamu kuwapo. Mstari ule hautoshi.

Labda msomaji hajashawishika, na anaona bado kwamba mnyama akifa ndiyo mwisho. Kwake yeye kuna hoja ya Humphrey Primatt, kasisi wa Kiingereza aliyeandika mwaka 1776 juu ya wajibu wa huruma. Mtu aliyeonewa hapa duniani, alisema Primatt, anaweza kufidiwa katika ulimwengu ujao. Mnyama, kama hana ulimwengu ujao, hafidiwi kamwe. Maisha haya mafupi ndiyo fungu lake lote, na anayemtesa amemnyang'anya kila kitu. Kwa hiyo anayekana nafsi isiyokufa ya mnyama ameuongeza mzigo wake mwenyewe. Nasema wazi kwamba sijaona jibu la kutosha dhidi ya hoja hiyo.

Jambo hili halikai vitabuni tu. Februari 2024, mjini Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote, baada ya miaka ya biashara iliyolisha viwanda vya China vya ejiao, gundi ya ngozi ya punda itumikayo kama dawa. Sababu zilizotangulizwa zilikuwa za uchumi na maisha ya watu vijijini, nazo ni sababu za haki. Sauti ya makanisa katika habari hiyo ilisikika kidogo, ingawa punda wale wale ndio hubeba maji na mahindi ya waumini wao, wengine wakiwa na vidonda vya lijamu na vya mizigo isiyopimwa. Ombi langu kwa wahubiri, makatekista na walimu wa shule ya Jumapili ni dogo: mnapoifikia Hesabu 22, msiishie pale punda anapofunguliwa kinywa. Someni mpaka mstari wa 32 na 33, pale malaika anapouliza juu ya fimbo tatu, na muwaachie waumini wajibu wenyewe.